Akiapa Kule, Je, Ametuacha Huku?

Barua ya mwezi huu imetoka kwa dada mmoja wa Kaunti ya Kisii. Alifunga ndoa kanisani mwaka wa 2021, na amejaliwa mtoto mmoja wa kiume. Mumewe anaishi Minnesota, Marekani, ambako hutunza wazee katika nyumba ya kuwalea. Alikwenda huko mwaka wa 2013 kwa bahati nasibu ya visa, akiwa bado kijana asiye na mke, na tangu hapo ana ile kadi ya mkaazi wa kudumu ambayo watu huiita grinikadi. Huja nyumbani kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Pesa anatuma. Simu anapiga. Sasa amesema anataka kuomba uraia wa Marekani, na nyumbani hakukaliki.

Mama mkwe, ambaye ni mjane na anaugua kisukari, amesema kwamba mwanawe akiapa huko atakuwa amemkana baba yake aliye kaburini, na kwamba yeye mwenyewe atakuja kuzikwa na wageni. Shemeji zake wanauliza shamba litakuwa la nani. Dada anaandika kwamba mbele ya mama hasemi kitu, lakini usiku hapati usingizi. Anauliza mambo mawili. Je, mtu anaweza kuapa kuiacha nchi yake bila kutenda dhambi? Na mume anayeweza kuikana nchi iliyomzaa, atashindwa nini kumkana mke?

Swali la pili ndilo lililonifanya nisiijibu barua hii kwa mistari michache kama tunavyofanya mara nyingine. Lakini hatuwezi kulifikia kabla ya kujua ni jambo gani hasa mume huyu anataka kufanya, kwa maana katika nyumba nyingi watu wanagombana juu ya jambo wasilolijua.

Mkaazi wa kudumu si raia. Ana ruhusa ya kuishi na kufanya kazi, na kodi analipa, lakini hana kura ya kuchagua rais wala wabunge wa nchi hiyo, na akipatikana na makosa fulani anaweza kurudishwa kwao hata kama amekaa miaka thelathini. Akiwa na kadi kwa miaka mitano sheria inamruhusu kuomba uraia. Kama ameoa raia wa huko na wanaishi pamoja, ni miaka mitatu. Hujaza fomu, huchukuliwa alama za vidole, kisha huitwa kwa mahojiano. Ada ilipangwa mwaka wa 2024 kuwa dola 760 kwa anayeomba kwa karatasi. Hupimwa Kiingereza, kusoma na kuandika, na huulizwa juu ya historia na serikali ya nchi hiyo. Waliopeleka maombi tangu tarehe 20 Oktoba 2025 huulizwa hadi maswali 20, na lazima wapate 12. Nafikiri wengi wetu tukiulizwa maswali 20 juu ya Katiba ya Kenya tungetoka jasho. Baada ya hayo yote ndipo kinapokuja kiapo.

Mama mkwe anaogopa kwamba kiapo kitamfunga mwanawe huko. Aelezwe polepole kwamba inayomfunga ni kadi. Mwenye kadi akikaa nje ya Marekani zaidi ya mwaka mmoja bila kibali maalumu cha kurudi, anaweza kuhesabiwa kwamba ameuacha ukaazi wake, na hata akizidisha miezi sita anaweza kuulizwa maswali mpakani. Ni kama mbuzi aliyefungwa kamba ndefu. Anakula vizuri, lakini kuna mahali kamba inamwambia basi. Ikiwa mama atalala kitandani mwaka mzima, mwana mwenye kadi atakuwa na uchaguzi mchungu, ama abaki na mama na kuhatarisha kila kitu alichojenga, ama arudi kazini na kumwachia mkewe kazi yote ya kumwuguza. Raia hana hesabu hiyo. Raia anaweza kuja akakaa na mama yake miaka mitatu, na mlango wa kule haufungwi. Wengi hawalijui hili: yule aliyeapa kule ndiye mwenye uhuru wa kukaa huku.

Kuna na mke na mtoto. Mkaazi wa kudumu akimwombea mkewe visa, mke huyo anaingia kwenye foleni, kwa sababu visa za kundi lake zimewekewa idadi kila mwaka. Mke wa raia hana foleni hiyo ya idadi. Karatasi zake bado huchukua miezi, lakini hangojei nambari. Mtoto naye aandikiwe ombi lake mwenyewe, jambo ambalo wengine husahau. Akiisha kuingia akiwa na kadi, na akiishi na baba yake aliye raia kabla ya kufika miaka 18, sheria ya mwaka wa 2000 inamfanya raia papo hapo bila kiapo chochote. Dada huyu anasema wamengoja visa tangu mwaka wa 2022. Basi ajue kwamba huenda mumewe anataka uraia kwa sababu amechoka kula peke yake mezani.

Kuhusu shamba, zamani hofu ya shemeji hao ilikuwa na msingi. Katiba yetu ya kwanza haikumruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Mkenya aliyeapa Uingereza au Marekani alipoteza uraia wa Kenya, na wengi walificha jambo hilo wakaishi na pasipoti mbili kwa woga. Tangu Katiba mpya ya tarehe 27 Agosti 2010, Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Aliyeupoteza kabla ya hapo ana haki ya kuurudishiwa akiomba. Asiye raia ndiye asiyeweza kumiliki ardhi hapa ila kwa kukodishiwa, na kipindi hicho hakizidi miaka 99. Mume huyu akiapa leo anabaki Mkenya, na ardhi anaweza kumiliki kama kaka zake. Anachodaiwa na sheria ya mwaka wa 2011 ni kuiarifu Idara ya Uhamiaji ya Kenya katika miezi mitatu kwamba ana uraia wa pili. Kuficha ni kosa la jinai. Asilipuuze, maana kesi ya wakili Miguna Miguna, aliyetimuliwa nchini mwaka wa 2018 akarudi mwaka wa 2022, ilituonyesha sote kwamba karatasi za uraia si mchezo. Asitazamie pia kuwa ofisa wa dola au mwanajeshi wa Kenya akiwa na uraia huo wa pili.

(Kwa Mtanzania jibu lingekuwa jingine. Sheria ya kwao haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo ndugu yetu wa Tarime akiapa anapoteza kweli, na nyumba yake ina haki ya kulitafakari jambo hilo zaidi kuliko sisi.)

Ningependa pia kuwauliza shemeji hao jambo moja: hati ya shamba ina jina la nani? Kama bado ina jina la marehemu baba, basi Marekani haina lawama. Kilichobaki ni kwenda mahakamani kufanya mambo ya urithi, ambayo familia nyingi huyaahirisha mpaka wajukuu wanashikana mashati.

Sasa tuje kwenye kiapo chenyewe. Mwombaji husimama na wenzake, mara nyingine mamia katika ukumbi mmoja, huinua mkono wa kuume na kusema kwamba anaacha kabisa utii wake kwa mfalme au nchi yoyote ya kigeni aliyokuwa raia wake. Anasema kwamba ataitetea Katiba ya Marekani na kuwa mwaminifu kwake, kwamba atashika silaha kwa ajili ya nchi hiyo sheria ikidai, au atatoa utumishi mwingine, na kwamba anaapa kwa hiari, bila kuficha kitu moyoni. Mwishoni anamwomba Mungu amsaidie, ingawa asiyetaka kumtaja Mungu anaruhusiwa kuyaacha maneno hayo.

Wapo Wakenya wanaokicheka. Husema, "Ni maneno tu, unayasema ili upate pasipoti." Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kuapa ni kumwita Mungu awe shahidi wa maneno yako, na hakuna kiapo cha mchezo. Tena mke wa mtu anayesema hivyo ana haki ya kumwuliza: na yale maneno uliyoniambia mbele ya padre na mashahidi wawili, nayo yalikuwa maneno tu? Dada yangu uliyetuandikia, ikiwa mume wako anatetemeka kidogo akikifikiria kiapo hicho, usimlaumu. Mume wa kuogopwa ni yule asiyetetemeka.

Lakini je, hakuna uongo ndani yake? Mtu anasema anaacha utii kwa Kenya, na jioni anakuta kitambulisho chake cha Kenya bado kiko mfukoni. Hapa lazima tuangalie kiapo kinavyoeleweka na yule anayekipokea, kwa sababu mwapaji hudanganya pale anapotumia neno kwa maana ambayo mwenzake haijui. Serikali ya Marekani inajua kwamba nchi nyingi haziwaachilii raia wao, na inakubali kwamba raia wake aweza kuwa na uraia mwingine. Haimwagizi Mkenya arudishe kitambulisho wala pasipoti yake. Inachodai ni kwamba aingie na kutoka Marekani kwa pasipoti ya Marekani, na kwamba akiwa raia wake asitumikie nchi nyingine dhidi yake. Pande zote mbili zinajua hivyo. Hakuna anayedanganywa. Kwa hiyo mtu anayeapa akikusudia kwa kweli kuzitii sheria za nchi ile, kuitetea, na kutoifanyia hila, hajaapa kwa uongo hata kama bado ni Mkenya kwa sheria ya Kenya. Anayeapa huku moyoni akisema kwamba nchi hiyo ni shamba la kuvuna tu, na kwamba hana deni lolote kwake, huyo ndiye anayeapa kwa uongo, hata kama hana pasipoti nyingine duniani.

Anachokiacha ni utii wa raia kwa dola. Baba hamo katika maneno hayo, wala mama, wala lugha, wala kaburi lililo nyuma ya nyumba. Hakuna serikali inayoweza kuviomba, na hii haiviombi. Mtume Paulo alikuwa raia wa Roma tangu kuzaliwa, na alipotaka kupigwa mijeledi Yerusalemu aliutumia uraia huo kujikinga bila haya yoyote. Jemadari aliyemkamata yeye alikuwa amenunua wake kwa fedha nyingi. Wala Paulo hakuacha kuwa Myahudi kwa sababu hiyo.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Mama mkwe mwenyewe aliwahi kuuacha mji wa baba yake. Alikuja kama mgeni katika boma lisilo lake, akalima mashamba ya watu wengine, akajifunza miiko ya ukoo mwingine, akazaa watoto walioitwa kwa jina la ukoo huo. Leo anazungumza juu ya shamba hilo kama mwenyewe, na ni haki yake. Je, alimkana mama yake mzazi? Kaka zake wakifiwa, si yeye anayetangulia kufika? Kama binti wa miaka ishirini aliweza kuhama ukoo akabaki binti wa watu, kijana anaweza kuandikwa katika nchi nyingine akabaki mwana wa watu. Mithali yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu ameshika jembe la watu tangu mwaka wa 2013, na sasa anaomba ahesabiwe katika boma hilo.

Siwezi kusema kwamba hakuna kinachopotea. Marekani hutaka raia wake atoe hesabu ya mapato yake kila mwaka popote alipo, hata akirudi Kisii kufuga ng'ombe akiwa na miaka 65. Mtoto atakua na nchi mbili kichwani, na siku moja atashangilia timu ambayo babu yake hakuijua. Na nchi hizo mbili zikigombana, baba amekwisha kusema atasimama upande gani. Ni gharama halisi, na wanaoitaja hawapaswi kuitwa washamba.

Turudi kwa swali la dada: atashindwa nini kumkana mke? Viapo hivi viwili havina uzito sawa. Uraia wa Marekani mtu anaweza kuurudisha akitaka, kwa kusaini karatasi mbele ya afisa wa ubalozi wao katika nchi nyingine. Ndoa yenu haina dirisha kama hilo. Kuhama dola moja kwenda nyingine hakumfundishi mtu kuuvunja uaminifu kwa mwanadamu aliye hai. Kwa hiyo, dada, usipime moyo wa mumeo kwa kiapo anachotaka kuapa. Upime kwa namna anavyokwenda kuapa. Je, alikuambia kabla ya kujaza fomu? Kwa barua yako, ndiyo. Je, amekuuliza wewe unaonaje, au amekutangazia tu? Hilo hukuandika, na ndilo ningependa kulijua. Sheria ya kule inamruhusu kutia sahihi peke yake. Lakini jambo litakalobadilisha visa yako, uraia wa mtoto wako na mahali mtakapozeekea si jambo la mtu mmoja, na mume anayelifanya kimya kimya amekosa hata kama karatasi zote ni safi.

Umedokeza pia, kwa mstari mmoja uliokatwa kwa kalamu na bado unasomeka, kwamba umesikia wengine huoa huko ili wapate karatasi. Ni kweli, wapo. Lakini mume wako alipata kadi kwa bahati nasibu kabla hajakuoa, na ametimiza miaka mitano mara mbili na zaidi, kwa hiyo hahitaji mke wa karatasi ili aombe. Tena fomu ile haimruhusu mtu kukuficha kwa urahisi. Inamwuliza kama ameoa, ameoa mara ngapi, ana watoto wangapi na wanaishi wapi. Mwombaji lazima aonyeshe kwamba ana tabia njema, na sheria inataja mambo ambayo mke yeyote wa Kisii angeyataja: mtu mwenye wake wawili kwa wakati mmoja anakataliwa, na mtu anayekataa kwa makusudi kuwalisha wale wanaomtegemea anaweza kukataliwa pia. Anayedanganya katika mambo hayo anaweza kunyang'anywa uraia hata miaka mingi baadaye. Sisemi kwamba serikali ya Marekani ndiyo mlinzi wa ndoa yako. Nasema kwamba unaweza kumwomba mumeo, kwa upole na bila kumshtaki, akutumie kwa simu picha ya zile kurasa zinazouliza juu ya ndoa na watoto. Mume mwenye nia safi hataona vibaya. Akikasirika, muulize anakasirikia nini.

Na mazishi. Hilo ndilo linalomliza mama, zaidi ya shamba na zaidi ya nchi. Pasipoti haimwambii mtu azikwe wapi. Wasomaji wa makamo wanakumbuka kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Mjane alitaka azikwe Ngong, karibu na Nairobi, ukoo ukataka Siaya, na mwili ukakaa miezi mitano huku mahakama zikiamua. Uraia haukuwa hoja hata kidogo katika kesi hiyo. Watu wa nyumba moja hawakuwa wamekubaliana.

Basi mumeo aseme mwenyewe, angali hai na ana nguvu, anataka alazwe wapi, na aliandike. Maneno hayo yasipitie kwako, kwa sababu mkaza mwana akisema jambo kama hilo huonekana amemfundisha mume. Simu ya Jumapili jioni inatosha. Iweke kwenye spika, mama akae karibu, kaka zake waitwe, na aanze kwa kumweleza mama ile habari ya mwaka mmoja na kamba ya mbuzi, kabla hajafika kwenye neno kiapo.